Fukuto la Mwezi wa Magh

Katika milima ya Syangja, huko Nepali, mwezi wa Magh hauna huruma. Ukungu hupanda kutoka mtoni alfajiri, ukakaa juu ya mashamba ya matuta mpaka karibu na adhuhuri, na watu hupita njiani wamejikunyata ndani ya mashali kama vifurushi vyenye miguu. Asubuhi moja ya mwezi huo Yamkala alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, shali lake amelitupa juu ya ukuta wa mawe, vifungo vya juu vya blauzi amevifungua, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria.

Sirjana, mke wa shemeji yake, alitokea na ndoo ya maji akasimama kumtazama.

"Dada! Mimi hapa meno yanagongana mpaka naogopa yatavunjika, wewe unajipepea? Au kuna gongo umeificha humo ghalani?"

"Ningekuwa nayo ningekunywa, angalau niwe na sababu."

"Basi ukipata nigawie." Sirjana alicheka, kisha akasogea na kumshika shavu. "Lo! Unaungua kweli. Njoo ulale na mimi usiku, tuache kuwasha makaa."

Kutoka ndani sauti ilipenya ukutani, nyembamba na kali. "Shali! Mwanamke wa umri huo anasimama kifua wazi, kuku wanamwangalia!"

"Mama, ni joto."

"Joto gani? Mwezi wa Magh una joto? Vaa!"

Yamkala akalivaa shali. Jasho lilikuwa limeshaanza kupoa mgongoni na sasa baridi ilimwingia mpaka kwenye uti. Ndivyo fukuto lilivyokuwa. Lilianza kifuani, mahali padogo, kama mtu aliyepuliza kaa moja la moto. Likapanda shingoni, likaingia masikioni, likamwagika usoni mpaka macho yakaona ukungu ndani ya ukungu. Moyo ulikimbia bila kufukuzwa. Halafu likaondoka jinsi lilivyokuja, likamwacha amelowa na kutetemeka. Halikuwa na saa wala adabu. Lilimjia akikata majani ya nyati, lilimjia akisali, lilimjia usingizini, akaamka shuka imelowa chapachapa. Mara ya kwanza mumewe, Tikaram, alipapasa godoro gizani akauliza, "Umemwaga maji, mama Kiran?" Mara ya pili hakuuliza. Alihamia upande wa ukutani na blanketi lake.

Tikaram alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na jibu moja kwa kila jambo la nyumbani, nalo lilikuwa, "Muulize mama."

Na mama, yaani mama mkwe, Bhagirathi, ndiye aliyekuwa nyumba yenyewe.

*

Yamkala aliletwa pale akiwa na miaka kumi na saba, kutoka bonde la pili, hodari wa kukata majani na mwoga wa watu. Mwezi wake wa kwanza kwa mumewe, siku zake zilipofika, Bhagirathi alimwonyesha kijumba kilichoegemea zizi, chenye sakafu ya udongo, nyasi kavu kona moja na mlango wa kuinamia. Hakuhitaji kuelezwa. Kwao pia kilikuwepo, na mama yake alilala humo, na nyanya yake. Mwanamke akiingia mwezini hagusi meko, hagusi maji ya kunywa, hagusi mwanamume wala mtulsi, ule mmea mtakatifu uliopandwa uani. Anakula anachosukumiwa kwenye sahani yake ya peke yake. Siku ya nne anaoga mtoni, na ya tano anarudi kuwa mtu.

Alilala humo mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka. Alilala humo wakati wa mvua, maji yakipita chini ya mlango. Alilala humo mama yake alipofariki, na habari akapewa kutoka mbali, mtu akisema kwa sauti ya juu kana kwamba anauza mboga. Alizaa watoto wawili. Binti aliolewa, na mwana, Kiran, alikwenda Doha kufunga mabomba ya majengo marefu. Kijumba kilibaki palepale, na mlango wake wa kuinamia.

Kitu kimoja tu kilimfanya asikichukie kabisa. Baba mkwe wake, mzee Lokanath, alikuwa mtu wa redio. Jioni, Yamkala akiwa kijumbani, mzee alikuja na redio yake akakaa juu ya jiwe, mbali kiasi cha sheria, akasikiliza taarifa ya habari. Ikiisha aliizima na kumsimulia upya kwa maneno yake, kana kwamba mkwewe hakuisikia. Daraja fulani limechukuliwa na maji. Waziri fulani amejiuzulu, na amerudi tena. Bei ya tangawizi huko India imeanguka. Halafu aliuliza, "Wewe unasemaje, mwanangu?"

Mwanzoni Yamkala hakujibu. Katika nyumba ile, na katika nyumba ya baba yake pia, hakuna aliyewahi kumuuliza anasemaje. Ilimchukua miaka miwili kupata jibu la kwanza. Alisema, "Nadhani yule waziri ni mwongo, baba." Mzee alicheka mpaka akakohoa, akapiga goti, akaingia ndani akirudia, "Mwongo! Mwongo kabisa!"

Mzee alifariki mwezi wa Magh, mwezi ambao kuni hazikauki. Tangu hapo, kila mwaka tarehe yake ya mwandamo ikifika, kuhani aliitwa, mwana mkubwa akavua shati na kukaa uani, na wali ukapikwa, ukafinyangwa madonge, ukatolewa kwa marehemu pamoja na ufuta, asali na maziwa. Kwa wafu, mwaka wetu mzima ni siku yao moja. Wali ule ndio mlo wao wa siku. Ukiharibika, umemlaza mtu na njaa.

Mpishi wa wali huo alikuwa Bhagirathi. Lakini magoti yake yalianza kugoma, na kuchutama mbele ya meko kukawa adhabu. Ndipo alipoanza kumwangalia Yamkala kwa jicho jingine. Alikuwa akihesabu.

"Huonekani kijumbani siku hizi," alisema msimu mmoja wa mvua.

"Hazijaja, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kupanda mahindi mwaka jana zilikuwa zinarukaruka. Sasa tangu baridi ilipoisha sijaona kitu."

Uso wa mama mkwe ulikunjuka, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. "Basi umekauka. Mungu ashukuriwe. Tufunge hesabu."

Kila mwaka, mwezi wa Bhadra, mvua zikielekea kwisha, wanawake wa pale hufunga siku moja kuomba msamaha kwa yale waliyoyagusa bila kujua wakiwa mwezini. Wanashuka mtoni, wanapiga mswaki kwa rundo la vijiti, kijiti kwa kila siku ya mwaka, wanajipaka udongo mwekundu na kuzama. Wanaanza wakiwa wasichana. Na mwanamke akikoma hedhi, hufanya ibada ya mwisho, ya kufunga hesabu. Kuhani anakuja, moto unawashwa, vyungu saba vinapangwa, majirani wanalishwa. Tangu siku hiyo mwanamke ni safi siku zote. Anaweza kupikia miungu na wafu. Hakuna kijumba tena.

Yamkala alitaka. Asingesema uongo juu ya hilo. Siku ya ibada yake, alipomwaga maji ya mwisho juu ya kichwa chake, aliangalia kule zizini akafikiri, Kwaheri.

Wiki chache baadaye alikwenda zahanati kuulizia lile joto. Nesi, mama mmoja mnene mwenye usingizi machoni, alimpa ushauri wa nguo nyepesi na maji mengi, akamuuliza mara ya mwisho kuona siku zake ni lini. Yamkala alipomwambia, nesi alitikisa kichwa. "Bado, mama. Mpaka uone mwaka mzima umepita mkavu. Kabla ya hapo zinaondoka na kurudi zinavyotaka. Hilo joto ndilo mwenzao, vinasafiri pamoja."

Bhagirathi aliposimuliwa alisonya. "Yule ana watoto wangapi? Mmoja! Aje kunifundisha mimi tumbo la mwanamke? Tumefunga mbele ya moto, tumefunga mbele ya kuhani. Hakuna cha bado."

Na kweli hakuna aliyelizungumza tena. Yamkala alianza maisha ya mwanamke safi, na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakuna aliyemwambia mtoni. Mwanamke safi hana siku ya kupumzika. Zile siku za kijumba, zenye baridi na fedheha, zilikuwa pia siku ambazo hakuna aliyeweza kumwambia pika, chota, kanda, leta. Sasa alipika yeye asubuhi, alipika jioni, alipika Sirjana alipokuwa kijumbani, alipika wageni walipokuja. Mwezi mchanga ulikuwa wake, mwezi mpevu ulikuwa wake, sherehe zote za miungu zilikuwa zake. Na fukuto lilimkuta hapo hapo mbele ya moto, joto la ndani likapokelewa na joto la nje, akawa kama kitu kilichofunikwa ndani ya chungu.

Siku moja alijikuta amesimama mbele ya mlango wa kijumba, mkono juu ya komeo, akisikia Sirjana anakoroma ndani mchana kweupe. Alimwonea wivu mpaka akaona haya.

*

Siku ya mzee Lokanath ilifika na ukungu wake. Yamkala alikuwa amekula mlo mmoja tu jana yake, na leo hata maji hakunywa. Alioga kwa maji ya bomba ambayo yangeweza kukata ngozi, akajifunga shuka moja ya njano isiyo na mshono, maana siku hiyo mpishi havai kitu kilichopita kwenye sindano, wala blauzi wala nguo ya ndani. Akaingia jikoni. Kwa mkono wake alipaka mstari wa udongo na kinyesi cha ng'ombe mbele ya mlango. Akishaupaka mstari ule, mpishi hatoki na mtu haingii mpaka wali utakapobebwa kwenda uani. Wala hasemi neno.

Jiko lile lilikuwa chumba cha chini chenye dirisha la ukubwa wa kiganja. Moshi ulitafuta njia ya kutoka ukaikosa. Nje ya mstari, kwenye kizingiti, Bhagirathi alikuwa ameketi juu ya kigoda na tasbihi yake, miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti, macho kwenye meko.

"Moto mdogo," alisema. "Mkubwa mno. Sasa mdogo mno."

Kule uani kuhani Kashinath alikuwa ameanza kusoma. Sauti ya Tikaram ilimfuata kwa nyuma, ikitetemeka, maana alikuwa kifua wazi ndani ya ukungu.

"Soma vizuri, mwalimu," kuhani alimwambia katikati ya maneno matakatifu. "Unamwita baba yako, sio mwanafunzi mtoro."

"Meno, mheshimiwa. Meno hayanitii."

"Yabane."

Yamkala alitabasamu peke yake. Mzee angependa hilo. Akamimina mchele ndani ya sufuria ya shaba, akamimina maziwa, akachutama. Hapo hapo fukuto likaja. Lilimshika kifuani, likapanda, na mara hii halikuwa na haraka. Jasho lilimtiririka puani, akageuza uso upesi lisidondoke ndani ya wali. Alitamani mlango, upepo, theluji ya kule juu iingie yote ndani ya shuka. Mstari wa udongo ulikuwa pale, haufiki upana wa vidole vinne, na haukuvukika.

Wakati fukuto linaanza kushuka, alisikia maumivu ya chini ya kitovu, yale ya zamani, kama mtu anayekunja kitambaa polepole. Halafu umajimaji.

Hakuangalia mara moja. Alikoroga wali. Alisema moyoni, Ni jasho. Alikoroga tena. Kisha aliangalia, na juu ya shuka ya njano, pale kisigino kilipokuwa kimeibana, palikuwa na doa. Lilikuwa dogo na jekundu, lisilo na ubishi.

Mkono wake uliacha mwiko. Bhagirathi aliona mkono, akaufuata kwa macho mpaka kwenye shuka. Kwa muda tasbihi haikusogea.

"Koroga," alisema mama mkwe.

Yamkala alimgeukia. Hakutakiwa kusema, lakini alisema. "Mama, zimerudi."

"Sijaona kitu."

"Mama, angalia..."

"Nimesema sijaona kitu. Na wewe hujaona. Koroga, unashika chini." Bhagirathi alitazama nyuma uani, kisha akainama mbele mpaka uso wake ukafika juu ya mstari. Sauti yake ikashuka. "Nisikilize. Kuhani yuko hapo. Mwanangu yuko hapo na njaa yake. Kijiji kizima kilikula hapa tulipofunga. Unataka niseme nini? Kwamba nilifunga mwanamke mbichi?"

"Huu ni wali wa baba."

"Najua ni wali wa nani. Nililala naye mimi."

"Atakula najisi, mama. Atalala njaa mwaka mzima."

Bhagirathi alitoa sauti puani ambayo karibu iwe kicheko. "Wewe unadhani mimi nilikauka siku moja, kama kisima? Miaka miwili, mitatu, zilikuwa zinakuja zinapotaka. Kwenye unga, kwenye maziwa, mbele ya meko haya haya. Nilifunga kitambaa nikapika. Baba mkwe wangu alikula. Nyanya ya mumeo alikula. Wote wamekula, na hakuna aliyerudi kulalamika."

Alisema hivyo akarudi kwenye kigoda chake, akaanza tena kuvuta tasbihi, kama mtu aliyelipa deni na hataki kushukuriwa.

Yamkala aliushika mwiko. Wali ulikuwa unachemka polepole, mapovu yanapanda na kupasuka. Alikoroga kwa sababu mkono ulizoea. Lakini kitu kilikuwa kimefunguka ndani yake na baridi yote ya Magh ilikuwa inaingia hapo.

Kama mama mkwe alipika vile na wafu wakala, basi damu si kitu. Kama damu si kitu, kijumba kilikuwa cha nini? Aliziona zile siku zikipangana, mwezi baada ya mwezi, tangu akiwa na miaka kumi na saba. Mvua chini ya mlango. Sahani inayosukumwa kwa mguu. Habari ya mama yake ikipigiwa kelele kutoka mbali. Kiran akiwa mdogo, anasimama uani analia anataka kubebwa, na yeye amekaa juu ya mikono yake ili isinyooke. Na yule mwanamke aliyemfungulia kijumba alijua. Miaka yote alijua, ama nusu ya miaka hiyo. Sheria ilikuwa ya mungu ilipotakiwa, na ilikuwa si kitu magoti yalipouma.

Angeweza kukoroga. Wali ungeiva, wangeubeba, angefua shuka, na kesho asubuhi angeamka mwanamke safi, mwenye siri moja na mama mkwe wake, wamefungwa kamba moja. Mwakani angepika tena. Na siku moja yeye naye angekaa juu ya kigoda na kumwambia mke wa Kiran, Koroga.

Au angeweza kusimama. Akisimama ataurudia mlango wa kuinamia, na mfungo wa kila mwaka, na vijiti, na midomo ya kijiji. Ataurudia kwa miguu yake mwenyewe. Pande zote mbili palikuwa na ukuta. Alichoweza kuchagua ni ukuta upi auegemee.

Alimfikiria mzee juu ya jiwe lake. Yule mtu hakuwahi kuivunja sheria hata siku moja. Hakuwahi kusogea hata hatua moja karibu zaidi. Lakini alikaa. Ndani ya uzio ule ule, alikaa akauliza, Wewe unasemaje? Yamkala hakujua kama wafu wanajali damu. Alichojua ni kwamba hawezi kumlisha mtu huyu mmoja uongo, hata kama wenzake wote waliula wakashiba.

Akauweka mwiko chini. Akasimama.

"Kaa," alisema Bhagirathi.

Yamkala aliuvuka mstari. Alipita kando ya kigoda, na mkono wa mama mkwe ulinyooka kumkamata shuka, kisha ukajirudisha wenyewe kama umegusa moto. Hata yeye, baada ya yote aliyoyasema, mkono wake ulikumbuka.

Uani kuhani alikatiza kusoma. Tikaram aliinua uso, midomo imekuwa ya bluu.

"Wali uko wapi, mama Kiran?"

"Baba hawezi kuula," alisema Yamkala. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nimeingia mwezini."

Sirjana, aliyekuwa anapanga visahani vya majani kwenye baraza, aliziba mdomo kwa mkono. Kuhani alizungusha pete ya nyasi takatifu kidoleni, akakohoa.

"Lakini huyu tulimfunga," alisema. "Mwezi wa Bhadra. Nilikuja mimi mwenyewe."

"Muulize mama," Tikaram alisema kwa mazoea, kisha akaona alichokisema akainamisha kichwa.

Bhagirathi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mhimili. Alionekana mfupi. "Msinitazame mimi," alisema. "Aliniambia amekauka. Mimi ni nani nimpekue mtu mzima?"

Yamkala alimtazama. Wote wawili walijua nani alihesabu, nani aliharakisha, nani alisonya nesi alipotajwa. Alikuwa na maneno. Yalikuwa yamejaa kinywani, yana moto, na angeyatema hapo mbele ya kuhani na kijiji kingekula habari hiyo mpaka msimu wa mahindi. Akaona magoti ya yule mwanamke mzee yakitetemeka chini ya sari yake ya ujane. Akageuka akaelekea zizini.

"Utafunga upya!" Bhagirathi alimpigia kelele kwa nyuma. "Utarudia vijiti vyote! Unasikia?"

"Nimesikia, mama."

Wali ulimwagwa kwa nyati. Sirjana alikuwa ameshakula bisi za mchele asubuhi, hakufaa. Bhagirathi alijaribu kuchutama mbele ya meko, magoti yakakataa, akainuliwa. Mwisho kuhani akaamua kwamba mwana mwenyewe atampikia baba yake, na imeandikwa hivyo hasa, alisema, watu wamesahau tu. Tikaram alioga tena kwa maji yale, akilia kwa sauti bila aibu, akaingia jikoni ambamo hakuwahi kushika mwiko tangu azaliwe.

Yamkala aliketi kwenye kizingiti cha kijumba. Alisikia sufuria ikianguka. Alisikia mumewe akikohoa moshi na kuhani akimuuliza kama anapika ama anachoma nyumba. Alitakiwa kulala, hakuna aliyeweza kumwita, hakuna aliyeweza kumtuma. Alisubiri raha ya jambo hilo ije. Haikuja. Harufu ndiyo iliyokuja, ya maziwa yanayoanza kushika chini.

"Mama Kiran!" Tikaram aliita kutoka jikoni. "Unafanya nini yakipanda?"

"Usimjibu!" Bhagirathi alisema, na haikujulikana anamwambia nani. "Sauti yake isifike kwenye wali! Huyo hayupo leo!"

"Mama Kiran, yanamwagika!"

Yamkala alikaza midomo. Ilikuwa kweli, hakuwepo. Aliweza kutokuwepo mpaka siku ya tano, na wali uungue, na wote wajue ulipikwa na nani miaka hii yote. Harufu ilizidi. Ulikuwa wali wa mzee.

"Toa kuni mbili," alisema.

"Eh?"

"Toa kuni mbili, acha moja!" alipaza sauti, na kuku walitawanyika. "Koroga kutoka chini! Usifunike!"

Mwiko ukasikika, mzito, mvivu, ukikwaruza shaba.

"Hivi?"

"Polepole."

Hakuna aliyemkataza tena, hata Bhagirathi. Tikaram aliuliza juu ya asali akamjibu, akauliza atajuaje umeiva akamjibu, na kila jibu lilimvuta kurudi kule jikoni alikotoka, mpaka akaona moshi bila kuuona na kusikia uzito wa mwiko mkononi. Fukuto lilianza kifuani, mahali padogo. Alilegeza shali, akaegemea ukuta wa zizi, akasubiri lipande.

"Na sasa?" mumewe aliita.

"Sasa endelea," alisema Yamkala.